Maalim wangu wa chuoni Wete ndo alonitoa kwenye sapu

Asalam alaykum jamani. Hii naiandika kwa wadogo zangu walioingia mwaka wa kwanza na sasa hivi wanaona giza, maana na mie nlikuwa huko huko na hakuna alonambia kitu mapema.

Mie mtu wa Wete, Pemba. Skuli nimesoma huko mpaka fomu siksi, alafu nkaja Unguja kuchukua digrii ya ualimu wa sayansi, baiolojia na kemia, miaka mitatu, nkawa nakaa kwa halati yangu (ndugu wa mama) Magomeni. Skuli nlikuwa najulikana mwenye kichwa kwa hivo sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nkasema nitafanya vile vile nilivozoea, naingia lekcha, nakusanya hand-auti, zikibaki wiki mbili za pepa naanza kukesha. Semesta ya kwanza ikatoka GPA (wastani wa alama) 2.6 na sapu mbili (mitihani ya kurudia masomo nlofeli), kemia ya oganiki na takwimu. Wallahi nlilia. GPA yetu inakwenda mpaka 5, fasti klasi, daraja la juu kabisa, inaanza 4.4, apa sekondi 3.5, mie hata loa sekondi sijaifika, na sapu kwetu hata uifaulu vipi unaandikiwa C tu.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nlisoma. Zile hand-auti nlizipitia mara tatu, na maka za rangi tatu, manjano, waridi na kijani, nikiifungua naona yote naijua. Nimeingia kwenye pepa nakuta swali, ukurasa wake naujua, na hata rangi nlopiga naiona mbele ya macho, lakini maneno yenyewe hayaji. Masaa matatu nimekaa na peni mkononi.

Likizo nkapanda boti mpaka Mkoani, nkafika nyumbani, siku ya pili mama akanambia nenda kamsalimie maalim wako. Huyu ndo bibi alonisomesha Qur'an chuoni, yaani madrasa, tangu sijaanza skuli, sasa mtu mzima lakini bado ana watoto mkekani kila jioni. Nimekaa tukaulizana hali, mara akasema haya, nisomee Tabaraka (Suratul Mulk). Miaka mingi sijamsomea, lakini nikaanza na nikaenda mpaka aya ya 30, nimekwama mara moja tu. Akafurahi. Alafu akauliza, "Na hayo ya huko Unguja mwanangu, unayasoma vipi?" Nikamtolea hand-auti kwenye mkoba, nikamwonesha na rangi zangu. Akaifunga, akaiweka chini ya paja lake. "Haya, nisomee."

Nikamwambia maalim nimeshayasoma haya mara tatu.

"Sikukuuliza kama umeyasoma. Nimekwambia nisomee."

Sikuweza kumsomea hata nusu ukurasa. Nlitizama mkeka tu. Pale ndo nkaelewa, chuoni hakuna mtoto anaambiwa amehifadhi kwa sababu ameitizama sura mara nyingi, umehifadhi ukikaa mbele ya maalim msahafu umefungwa ukatoa. Na darsa mpya hupewi mpaka umedurusu ya jana na ya juzi. Nimekulia ndani ya njia hiyo miaka kumi alafu nimefika chuo kikuu nkaiacha mlangoni, sijui kwa nini, labda kwa sababu nlidhani ile ni ya dini na hii ni ya kizungu basi haziingiliani.

Nimerudi Unguja nkaanza upya. Baada ya sala ya Alfajiri, simu nampa halati aiweke kwenye kabati lake (mwanzo alinicheka, mwisho akawa yeye ndo ananidai), nakaa saa moja na nusu. Nasoma kipande kidogo, kurasa tatu nne, nafunga, nachukua karatasi tupu na naandika kila kilichobaki kichwani bila kuchungulia. Alafu nafungua na peni nyekundu nasahihisha. Wiki za mwanzo karatasi zote nyekundu, inavunja moyo kwelikweli, unaona bora urudi kusoma tu kama zamani maana kusoma kunakupa raha ya kuona unajua. Vumilia hapo. Ile nyekundu ndo inayokuonesha darsa yako ya kesho iko wapi.

Baadae nkaja kukuta wataalamu wameshalipima jambo hili. Mwaka 2006 Marekani, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi wasome, wengine wakaisoma mara nne, wengine wakaisoma mara moja alafu mara tatu wakaikumbuka bila kuitizama. Baada ya dakika tano walosoma mara nne ndo walokuwa mbele. Baada ya wiki wao wakakumbuka kama asilimia 40 na wale wengine asilimia 61. Nlipoisoma hii nkaona ni mie kabisa, usiku wa kukesha najua yote, siku ya pepa sina kitu.

Kudurusu nako nkakupanga kama chuoni. Kabla ya kugusa kipya naanza na cha jana, Ijumaa baada ya sala napitia cha wiki nzima, na mwisho wa mwezi narudi mwanzo. Hapa pia kuna Mjerumani mmoja Ebbinghaus, mwaka 1885 alijipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, akaona sehemu kubwa ya ulichohifadhi inaondoka siku ya kwanza tu. Kwa hivo dakika kumi za kesho yake zina faida kuliko masaa matatu ya mwezi ujao. Majina ya viungo na fomula nlikuwa naandika kwenye vikaratasi, swali mbele jibu nyuma, naviweka kwenye mkoba, daladala ya kutoka Mwanakwerekwe mpaka chuo ikifika nshamaliza fungu moja.

Takwimu lakini haikukubali njia hii, niseme ukweli. Nlijua fomula zote kwa moyo na bado nakosa, mpaka nlipoanza kuchukua pasti pepa na kufanya hesabu moja moja kwa mkono bila kutizama majibu, kila siku hesabu mbili tu, si zaidi.

Kitu kingine ni kuona haya. Sisi tunakuzwa na haya na ni jambo zuri, lakini ya kumuogopa lekchara iache. Nlichukua pepa yangu ya oganiki nkamfata mwalimu ofisini, miguu inatetemeka, akanionesha swali limesema "linganisha" na mie nimeeleza kimoja kimoja, hakuna pahala nimevilinganisha. Maki nane zimekwenda hapo! Tangu siku hiyo nakata mstari chini ya kitenzi cha swali kabla sijaandika.

Na diskasheni, ile yetu ya mwanzo ilikuwa soga na urojo. Tukabaki wanne, tunakaa barazani kwa halati baada ya Alasiri, kila mtu ana mada yake anaisomesha bila karatasi na wengine wanamkatisha kwa masuali. Kukesha nliacha kabisa. Ramadhani tu ndo ratiba ilivunjika, nlijaribu kusoma baada ya tarawehe sikuambulia kitu, nkahamishia baada ya daku mpaka jua linapotoka.

Semesta ya pili 3.4, ya tatu 3.9, ya mwisho 4.5. Nimemaliza na 3.8 kwa jumla, ile 2.6 iliniburuza mpaka mwisho.

Matokeo yalipotoka nlikwenda Wete na doti ya kanga. Maalim GPA haijui na wala hakuuliza. Alikaa akanyoosha miguu, akasema nisomee. Yeye ana sukari siku nyingi, basi nkamsomea figo, vipi inachuja damu, vipi sukari inachujwa alafu inarudishwa yote, na ikizidi kiasi ndani ya damu, kama milimoli 10 kwa lita, figo inashindwa kuirudisha yote ndo inatoka kwenye mkojo. Alinisikiliza kama alivokuwa akinisikiliza sura, macho kafumba. Nilipofika kwenye kile kimrija kinachorudisha sukari nkababaika jina, akanyoosha kidole.

"Hapo hukuhifadhi. Rudia."

Nkarudia.