Nilivyomaliza mkwaruzo wa tairi kwenye Land Cruiser niliyoinyanyua

Mara ya kwanza niliisikia nikivuka mtaro kwa mshazari. Gurudumu la mbele kushoto lilipanda, usukani nimeukata karibu mwisho, ikaja "kwaruuu" ndefu kama mtu anaburuta gunia la kokoto, kisha "ngo!" moja nzito. Nikashuka kuangalia. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imelambwa mpaka inang'aa, na juu ya chesisi palikuwa na vipande vyembamba vya mpira mweusi. Mpira wa tairi ambayo ilikuwa haijamaliza wiki mbili.

Gari ni Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ile yenye ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili, na springi za koili. Nilikuwa nimeinyanyua sentimita 5 kwa springi na shokapu ndefu, nikatoa tairi za 275/70R16 na kuvisha 285/75R16. Kila niliyemuuliza aliniambia sentimita 5 zinatosha na kubaki.

Fundi wa kwanza alisema, "Bosi, weka springi ndefu zaidi, tairi itakaa mbali na bodi." Ushauri huu unanikera mpaka leo, maana umeenea sana na si kweli. Springi ndefu inainua gari likiwa limesimama. Gurudumu likisukumwa juu mpaka mwisho, kinacholisimamisha ni stopa, ule mpira mfupi ulio kwenye chesisi, na stopa zangu zilikuwa zilezile za kiwandani. Tairi za zamani zilikuwa na kipenyo cha sentimita 79 hivi, mpya 83. Nusu ya tofauti hiyo iko upande wa juu: sentimita 2 za mpira zinazopanda mahali ambapo hapajawahi kuongezwa nafasi.

Wakati ule sikulijua hilo, kwa hiyo nikamsikiliza fundi wa pili, akanifungia spesa za sentimita 3, zile sahani za chuma zinazokaa nyuma ya rimu, ili tairi zitoke nje. Kweli, tairi ziliacha kugusa mkono wa ekseli, ule unaoiunganisha na chesisi, upande wa ndani. Lakini gurudumu lililosogezwa nje huchora duara kubwa zaidi unapokata kona, na sasa lilianza kuchapa ukingo wa nyuma wa madigadi hata barabara ya lami nikigeuza gari. Usukani nao ukawa unavutwa mkononi kila nikipita shimo. Nilizivua siku ya tatu. Fundi mwingine alikuja na grainda tayari kukata bodi, nikamwambia hatugusi bati mpaka nijue ni nini kinagusa, wapi, na kwa kiasi gani.

Jumamosi nikaamua kulipima mwenyewe, na hii kazi ndiyo ninayojivunia. Nilipandisha gari, chesisi ikakaa juu ya stendi imara, nikatoa springi zote mbili za mbele na kufungua stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale upande. Bila springi, ekseli unaiinua kwa jeki ya kawaida mpaka mwisho wa safari yake, taratibu, huku umelala pembeni unaangalia. Nikapaka chaki kwenye mabega ya tairi. Nikachukua udongo laini wa kuchezea watoto, nikabandika madonge kwenye stopa, kwenye kona ya bampa na ndani ya madigadi.

Kwanza niliinua pande zote mbili sawasawa. Haikugusa kitu. Hapo mafundi wengi ndipo wanapoishia, wanakuambia gari liko safi. Nikashusha upande wa kulia ukaning'inia, nikainua wa kushoto peke yake, usukani umekatwa mwisho. Stopa iligusa, lakini tairi haikusimama! Stopa iko ndani, tairi iko nje, kwa hiyo ekseli inapolala upande huegemea stopa kama ubao wa bembea na tairi inaendelea kupanda. Chaki ilichora mstari mweupe palepale palipong'aa. Donge la madigadi lilikuwa limebanwa likabaki jembamba kama kucha.

Na ile "ngo"? Ilikuwa shokapu. Zile ndefu zina mwili mrefu pia, na zilikuwa zinafika mwisho wa kujikunja kabla stopa haijabanwa sawasawa. Ningeendelea hivyo ningezipasua.

Dawa ikawa vipande vya chuma vya sentimita 3 kati ya stopa na chesisi, na bolti ndefu za kutosha. Bei yake haikukaribia hata ya tairi moja. Nikarudia zoezi: donge la madigadi likabaki na unene wa kidole, na shokapu ikawa na zaidi ya sentimita moja ya akiba. Ukiweka stopa ndefu kupita kiasi gari litagonga kila tuta, kwa hiyo pima, usikisie.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona kwa uzi wenye nati iliyoning'inizwa: gurudumu la upande mmoja lilikuwa limetoka nje kuliko la pili. Gari likinyanyuliwa, ile fimbo inayoishika ekseli isiyumbe kando, panadi, hulala wima zaidi na kuivuta ekseli kuelekea upande fimbo ilikofungwa kwenye chesisi. Nikaweka panadi ya kurekebishika, nikairudisha katikati. Tairi kugusa mkono wa ekseli usukani ukikatwa mwisho, dawa yake ni bolti ya kuzuia usukani kwenye nako, kile kiungo kinachogeuza gurudumu. Niliitoa nje kidogo pande zote mbili.

Ekseli ikiwa bado inaning'inia, kaguani hozi za breki. Yangu ilikuwa imekaza kama uzi wa gitaa, na hakuna fundi hata mmoja aliyeitaja.

Nilirudi kwenye mtaro uleule, kwa mshazari uleule, usukani umekatwa. Nilikuwa nimefunga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu ili isukumwe na kuacha alama ya mwisho wa safari. Nikashuka na tochi: kamba imesimama palepale nilipopima gereji, na chaki kwenye bega la tairi haijafutika.