Jinsi selo yetu ilivyogawana ndoo ya usiku

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoingia gerezani ulikuwa huu: usishike ufagio. Ukiushika siku ya kwanza, nikaambiwa, utaushika mpaka siku ya kutoka. Mzee aliyeniambia alikuwa na miaka mingi ndani na alinitakia mema. Hata hivyo ushauri wake ulinifanya nikae kwenye uchafu karibu miezi mitatu, na mpaka leo nakereka nikisikia mtu anayekwenda kuanza kifungo akiambiwa maneno hayohayo.

Tulikuwa arobaini na kitu kwenye selo moja, na ndoo moja ya haja tangu tunapofungiwa jioni hadi tunapofunguliwa asubuhi. Aliyeingia karibuni alilala ubavuni mwake.

Wasiowahi kuingia hudhani mfungwa anachukia kazi. Si kweli. Kazi za nje ya selo zilikuwa zinagombewa. Jikoni, bustanini, karakana ya useremala, huko siku inakimbia, unaona anga, unarudi umechoka na usingizi unakuja wenyewe. Nimemwona mwanamume mzima akilia kwa sababu ameondolewa karakana. Lakini fundi huyohuyo, anayepiga randa mbao mpaka ing'ae, akirudi selo hainui hata kitambaa. Kazi ya nje ilikuwa heshima, ya ndani ilikuwa alama ya unyonge. Anayefagia ni mgeni, au asiye na ndugu wa kumtembelea, au kijana asiye na ubavu wa kukataa. Wengine walisema waziwazi kwamba hizo ni kazi za mama zao.

Kabla ya kufungwa nilikuwa karani, basi nikafanya ninachokijua. Nikaandika orodha ya zamu nyuma ya boksi lililokunjuliwa: majina yote, watu wawili kila siku, mmoja ndoo, mmoja sakafu. Nikaisoma kwa sauti, watu wakaitikia, hata wakubwa wa selo. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Nililala nikijua nimetatua jambo lililowashinda wote walionitangulia.

Wiki ya pili zamu zikaanza kuuzwa. Wenye kutembelewa walikuwa na sabuni, wasiotembelewa hawakuwa nayo. Kipande cha sabuni kwa ndoo, nusu kipande kwa sakafu. Kufika wiki ya tatu, vijana watatu walikuwa wanabeba zamu za selo nzima, na ukutani orodha yangu inaonyesha majina ya watu ambao hawajagusa kitu. Nikapiga marufuku biashara hiyo. Walionipinga kwa ukali zaidi hawakuwa wanunuzi, bali wale vijana wenyewe. Mmoja wao, vidole vimechubuka kwa maji na dawa ya kusafishia, akaniambia, "Karani, zamani tulikuwa na mabwana watatu. Orodha yako imetupa arobaini, na sasa unataka kutunyang'anya na sabuni." Nilikosa jibu. Alikuwa amesema kweli tupu.

Kiongozi wa zamu ya askari akaniita. Akapendekeza nifanywe nyapara wa selo, niwe na ruhusa ya kumwadhibu asiyefanya zamu. Nilikataa, na najivunia kukataa kuliko jambo jingine lolote nililofanya mle ndani. Kwenye kabati la vitabu kulikuwa na nakala ya Kanuni za Nelson Mandela, zile ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 na kuzipa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 40 inasema mfungwa asipewe kazi yenye mamlaka ya kuadhibu. Nilimweleza kwa adabu: "Afande, nikipewa hayo mamlaka nitaogopwa, na ndoo itaendelea kubebwa na walewale watatu." Akacheka, akaniacha.

Njia niliipata bombani. Asubuhi wabeba ndoo hutolewa kwanza, peke yao, wakaimwage na kuiosha. Halafu hurudishwa ndani, milango inafunguliwa kwa wote, na foleni ya maji inaanza. Wao walikuwa mwisho wa foleni. Maji yenyewe yalitiririka kama uzi, na walio nyuma mara nyingi walikuta bomba linakohoa hewa. Yaani waliofanya kazi chafu kuliko zote ndio waliokosa kuoga!

Nikarudi kwa yule afande na ombi moja: hao wawili wakishaosha ndoo, waruhusiwe kuoga na kufua hapohapo kabla ya wengine kutoka. Dakika kumi hivi. Na majina yao ayasome yeye mlangoni, asitoke mwingine kwa niaba yao. Alikubali kwa sababu halikumgharimu kitu.

Siku saba za mwanzo nilibeba mimi, pamoja na yule kijana wa vidole. Tulirudi tumeoga, nguo zimefuliwa, tunanukia, wakati selo nzima bado inajikuna ikisubiri kufunguliwa. Sikuhubiri hata neno moja. Siku ya nne, bwana mmoja wa pembe ya dirishani, aliyenunua zamu kuliko yeyote, akanisogelea usiku na kuuliza kwa sauti ya chini, "Eti jina langu linaangukia siku gani?" Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Sabuni ya wale vijana ilibaki: kila aliyetembelewa alimega kidogo, tukafinyanga donge la pamoja, na wenye zamu ndio walilitumia. Wazee na wagonjwa tuliwaachia kukunja mikeka na kuhesabu siku.

Na sikia, ndoo usimpe mtu mmoja. Pitisha mpini wa ufagio kwenye mkono wa ndoo, wabebe wawili, na uwapange kwa kimo, maana mpini ukiinama yote humteremkia mfupi. Hilo nililijifunza kwa kulowa. Marafiki wawili usiwaweke pamoja, watabishana nani alishika nyuma jana. Mchanganye mwenye kifungo kirefu na mgeni.

Mmoja tu alikataa kabisa. Alikuwa mahabusu, amewekwa kati yetu ingawa Kanuni ya 11 inataka mahabusu watengwe na waliohukumiwa. "Mimi sijahukumiwa," alisema, "silazimishwi kazi." Wenzangu walitaka ahamishiwe ubavuni mwa ndoo. Nikaenda kusoma tena, nikakuta ana haki: Kanuni ya 116 inasema mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi, lakini asilazimishwe. Nikasimama upande wake, kwa kelele nyingi, dhidi ya orodha niliyoiandika kwa mkono wangu. Jina lake nikalifuta.

Kama mwezi baadaye mwenye zamu aliamka na homa kali. Afande amesimama mlangoni, majina yameshasomwa, na mwenzake ameshika upande mmoja wa mpini anaangalia huku na huku. Yule mahabusu akainuka kwenye mkeka wake, akamwomba afande ruhusa, akashika upande wa pili. Alirudi amelowa, akalala, hakusema kitu. Jina lake hatukulirudisha kwenye boksi. Tuliacha mstari mmoja wazi, na kila alipojisikia aliujaza mwenyewe.