Siku ya 19 ya vidonge

Leo ni siku ya 19 tangu nianze sertraline, dawa ya sonona na wasiwasi, miligramu 50 kila asubuhi baada ya chai. Wiki ya kwanza ilinitesa: kichefuchefu, jasho la usiku, taya kujikaza zenyewe. Juzi kwenye matatu ya Rongai mikono ilinitetemeka hadi sarafu za nauli zikaanguka. Mama aliyeketi kando yangu akaziokota, akanifumbatisha kiganjani bila kuuliza neno. Nililia mpaka tukapita Lang'ata.

Nilitaka kuviacha kabisa. Daktari akanisihi nisikatize ghafla. Madhara hutangulia, nafuu huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Jana nililala saa tano mfululizo. Ndoto bado zinanitisha, lakini nililala, jamani.