Nani Amezichanganya?

"Mwanangu, hizo nyuzi zako za kwenye kompyuta, nani amezichanganya?"

Fundi wa karakana aliniuliza hivyo Jumatatu, nilipomwonyesha mfano wangu wa kompyuta wa nyuzi ndogo mno za kaboni ndani ya plastiki iitwayo epoksi, na swali lake bado linanizunguka kichwani, ingawa ni wiki ambayo dada ameposwa na sura ya tatu ya tasnifu imepita kwa msimamizi. Nilimjibu kwamba hazichanganywi, mzee, programu ndiyo inayozipanga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Aa, basi hongera. Mimi nachanganya epoksi tangu hujazaliwa, na sijapata kuipanga." Wala hakucheka. Angecheka ningejua pa kuliweka neno lake, lakini alilitamka kwa adabu ileile anayowaambia wageni kwamba mashine ya kuvutia vipande ni mbovu.

Mnaonisoma siku zote mnaijua kazi yenyewe. Nyuzi zenyewe ni nanotyubu za kaboni, vijibomba vyembamba mno ambavyo Sumio Iijima alivieleza mwaka 1991; zina ukakamavu, yaani ukaidi wa kutonyumbuka, wa karibu gigapaskali 1,000, ilhali epoksi tupu ina kama 3. Ukizitia kwa asilimia 1 tu ya ujazo, zote zikiwa ndefu, zimenyooka, zimeshikana barabara na plastiki na kuelekea upande mmoja, kanuni ya mchanganyiko, yaani wastani kwa kadiri ya ujazo wa kila kimoja, inakupa karibu 13. Ukiziacha zielekee kokote, unabaki na karibu 5. Mzee nilikuwa nimemwonyesha ile 13, kwa kuwa ndiyo inayopendeza kwenye skrini.

Usiku nilimtungia majibu mengi. Kwamba hesabu yoyote lazima ianzie mahali fulani. Kwamba anayetaka kujua ni nguvu kiasi gani inapotea njiani hana budi kujua kwanza kikomo cha juu. Kwamba mchemraba wangu mdogo wa mfano, wenye upande usiofika hata mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, hauna nafasi ya kubeba uchafu wa ndoo. Yote ni kweli, na bado nayatetea. Tatizo ni kwamba mzee hakusema hesabu ni mbaya. Aliuliza nani.

Alhamisi nilirudi karakana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na bila kuyagusa ya Jumatatu akachukua kipande chembamba kilichovunjika, akakiinua dirishani na kuweka ukucha wa dole gumba chini ya doa jeusi lililokaa pale pale mpasuko ulipoanzia. Rangi ya kipande kizima ilikuwa ya moshi, ila doa lile lilikuwa jeusi tii, dogo kuliko punje ya ulezi. "Hapa hapakuchanganyika," akasema. Kisha akaendelea kufuta meza.

Ndipo moyo wangu ulipogeuka. Lile doa ni bonge la nanotyubu: zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu za van der Waals, zinakumbatiana kabla epoksi haijapenya katikati yao, na zikishakumbatiana hivyo hazibebi mzigo wowote wa maana. Makala ya mwaka 2004 ilikwisha kuyaingiza mabonge ya aina hiyo katika njia ya Mori na Tanaka, hesabu ya kukadiria sifa za mchanganyiko, lakini kwa ajili ya ukakamavu, na ukakamavu ni wastani wa kipande kizima, kwa hiyo unavumilia. Nguvu ya kuvunjika haivumilii. Inaamuliwa na mahali pabaya kuliko pote, na mchemraba wangu, uliopangwa sawasawa kila upande, haukuwa na mahali pabaya hata kidogo.

Tangu jana nimeanza kuzikusanya baadhi ya nyuzi katika tufe, jumla yake ikibaki ileile, na kuutazama mkazo ukipanda kandokando ya tufe hilo huku sehemu nyingine za mchemraba zikiwa zimetulia kana kwamba hakuna kinachoendelea. Ukakamavu umeshuka kiasi. Dalili za ufa zimewahi mno. Nimefurahi kupita nilivyofurahi siku sura ya tatu ilipopita, na sidhani msimamizi wangu atanielewa. Swali la mzee sasa lina namba ninayoweza kuibadilisha: ni sehemu gani ya nyuzi iliyokwama kwenye mabonge.

Kitinda mimba wetu yuko JKT na hajapiga simu tangu mwanzo wa mwezi. Mama anasema huko simu wananyang'anywa, lakini naye kila jioni anaiweka yake karibu na sahani.