Barua ya Mitchell kwa Rais Roosevelt

Jana sikulala mapema, nilizama kwenye mgomo wa makaa ya mawe wa Pennsylvania, 1902. Wachimbaji zaidi ya 100,000 wamegoma tangu Mei, baridi inabisha hodi, na Rais Theodore Roosevelt, mguu mgonjwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu anajaribu kuwapatanisha na wenye migodi. Ikashindikana. Akampelekea kiongozi wao, John Mitchell, ombi: rudisheni watu kazini, nitaunda tume ya kuchunguza madai yenu. Oktoba 8 Mitchell akajibu kwa barua, kwa heshima zote: hapana. Hawarudi kwa matumaini tu kwamba matajiri watatii tume. Rais kabisa! Mimi ningeshakubali. Mwishowe tume iliundwa pande zote zikakubali, na Machi 1903 ikawapa nyongeza ya mshahara ya asilimia 10, ila chama chao hakikutambuliwa.