Nota za muziki kaziacha Uingereza

Leo nimeshinda maktaba hapa New York, nikaletewa kitabu cha maonyesho ya Morgan Library ya 1975 kuhusu Sullivan, yule mtunzi wa muziki wa opera (michezo ya kuimba) za kuchekesha enzi za Malkia Victoria.

Sasa skieni hii. 1879 Wamarekani walikua wanaipiga HMS Pinafore, opera ya Sullivan na mwandishi mwenzake Gilbert, kila kona bila kuwalipa, sheria ya huku ilikua hailindi kazi za wageni, basi Gilbert na Sullivan wakaja wenyewe na opera mpya, tena ya maharamia 😂

Kufika, Sullivan anakuta nota za sehemu ya kwanza kaziacha Uingereza!! Akaziandika upya kwa kichwa, 31 Desemba ikachezwa.

Nawaza tu tumbo joto alilopata pale alipogundua.

Mimi ningelia kwanza. Nyie mngefanyaje?