Kusubiri Maji

Saa mbili usiku nesi alitoka chumba cha uzazi, chemli mkononi, akamwita mama pembeni. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya zahanati na beseni la dada mapajani. Ndani yake mlikuwa na jozi tatu za glavu, wembe, uzi, pamba, kipande cha mpira wa kutandika na khanga mbili mpya. Huduma ya mjamzito ni bure, sera inasema hivyo, lakini sijawahi kumwona mwanamke wa kwetu akienda kujifungua bila beseni lile.

"Mama, mkono umetangulia," nesi alisema. "Mtoto amekingama. Hapa hatoki, ni wa kupasuliwa. Tafuteni boti."

Ilikuwa Machi 2011, mwezi mpevu. Kijiji chetu kiko ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Barabara hatuna. Kila kitu, chumvi, misumari, dawa za malaria, huja kwa maji, na maji yana saa zake. Mwezi ukijaa ni bamvua. Maji huja mpaka karibu na vizingiti vya nyumba za bondeni, na yakipwa hutoka yote, kijito kikabaki tope tupu. Siku za bamvua hukauka kama saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kama saa kumi. Nesi alipotoka na chemli yake, mitumbwi ilikuwa imeshaanza kulala ubavu.

Mama hakujibu neno. Nilimkasirikia kwa kimya kile, na ilinichukua miaka kukielewa. Mwaka mmoja nyuma jirani yetu alipelekwa hospitali hivyo hivyo, akafia huko. Kumrudisha maiti, gari mpaka bandarini kisha boti mpaka kijijini, kuliigharimu familia ile shamba la minazi. Mama alikuwa akipiga hesabu mbili kwa pamoja, ya kumpeleka mwanawe akiwa hai na ya kumrudisha akiwa maiti. Shemeji alikuwa dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na simu yake haikupatikana. Fedha iliyokuwapo nyumbani ilikuwa shilingi elfu kumi na nne.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "nenda kwa babu nahodha. Mwambie nitamlipa mpunga."

Babu alikuwa ameshalala. Aliamka, akavaa shati, wala hakuuliza habari ya malipo. Alitoka nje akautazama mwezi, kisha akatazama kijitoni. "Boti ipo. Maji hayapo. Kabla ya saa saba haielei."

Kusubiri saa tano nzima! Vijana wakasema hapana, tumbebe mpaka mdomoni mwa mto, kule maji hayakauki, tutafute mtumbwi wowote. Wakageuza kitanda cha kamba kuwa machela, dada akalazwa, wanaume wanne wakaingia nacho topeni. Nilitangulia na tochi. Anayelijua tope la mikoko anajua kwamba halikanyagwi, unazama. Hatua kumi za mwanzo walizama magotini, kisha mapajani, na mizizi ya mikoko iko chini pale pale, inakata nyayo kama chuma. Kitanda kilikuwa kikiinama upande huu, kinainama upande ule, na kila kilipoinama dada alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Kijana mmoja akaanguka na pembe ya kitanda ikaanguka naye. Nesi, aliyekuwa nyuma yetu akiwa amepandisha sare yake kiunoni, akapaza sauti: "Mrudisheni! Mtampasua kizazi humu humu!"

Tukamrudisha. Tukakaa kusubiri maji.

Nesi yule nitamtaja kwa heshima maisha yangu yote. Alikuwa peke yake, kwani mganga wa zahanati alikuwa mjini amefuata mshahara wake, safari ya siku kadhaa kwenda na kurudi. Zahanati yenyewe ilikuwa mpya. Mwaka 2007 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliodhamiria kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Sisi tulibeba mchanga kichwani, wanawake kwa wasichana, mpaka kuta zikasimama. Ukutani kulikuwa na rangi nzuri. Umeme haukuwapo, wala mtu wa pili wa zamu. Nesi alimwekea dada dripu, akaning'iniza chupa kwenye msumari wa dirisha, akamshika mkono na kumhesabia pumzi. Kila baada ya muda aliweka chombo tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. "Bado upo," alituambia. Mara ya mwisho, kabla hatujaondoka, alisikiliza muda mrefu sana, akakikunja chombo chake, asiseme kitu.

Saa saba kasoro boti iliinuka. Babu aliwasha mashine kwa petroli ya kukopa dukani, dumu la lita ishirini, na tulifika Nyamisati, bandarini, kama saa kumi alfajiri. Tulipiga simu hospitali kuomba gari la wagonjwa. Gari lipo, tukaambiwa, mafuta hayapo. Aliyetuchukua ni dereva aliyekuwa akisubiri kupakia kamba. Alishusha masanduku ya barafu yaliyokwisha pangwa, akatandika turubai, akasema, "Mpandisheni dada yangu." Barabara ilikuwa ya masika. Tulikwama mara mbili.

Saa mbili asubuhi tukawa mapokezi. Dada wa watu midomo imekauka, macho yamezama. Mhudumu alimtazama, akatutazama mimi na mama tulivyopakaa tope mpaka kiunoni.

"Mmechelewa sana. Mlikuwa wapi siku zote?"

Mama alisema, "Tusamehe, mwanangu."

Kisha akachukua kadi ya kliniki, akaonyesha kwa kidole. Kadi ilikuwa imeandikwa wazi: mimba ya tano, ajifungulie hospitali. Ni kweli, dada aliambiwa. Lakini kwenda kujifungulia hospitali kwa mtu wa delta maana yake ni kuhama wiki tatu au nne kabla, ukapange au ukae kwa mtu, na chakula chako, na mtu wa kukupikia. Machi mpunga uko shambani unalindwa ndege na ngedere mchana kutwa. Alikuwa na watoto wanne na mume yuko baharini. Nani angekaa kwenye dungu, kichanja cha kulindia shamba? Hayo hayana nafasi kwenye kadi.

Tuliulizwa nani anatoa damu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikatoa mimi. Daktari aliyempasua alikuwa amekesha, macho mekundu, na alifanya kazi yake vizuri kabisa, kwani dada yu hai mpaka leo. Mtoto alitolewa ameshafariki. Wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Wanaume wa msikiti wa jirani, watu tusiowajua hata majina, walimzika jioni ile. Shemeji alifika siku ya tatu akaonyeshwa kaburi.

Miaka baadaye nilisoma kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezeshaji alitufundisha kwamba mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waligawa ucheleweshaji wa mama mjamzito mara tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika, na kuhudumiwa baada ya kufika. Alichora visanduku vitatu ubaoni. Niliviandika, nikavikubali, lakini mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Mama alichelewa kuamua, ndiyo. Alichelewa kwa sababu aliijua njia. Mto ule, na boti, na gari lisilo na mafuta, vilikuwa vimeshakaa kichwani mwake kabla nesi hajamaliza kusema. Ukimwambia mwanamke huyo aache woga, hujamwambia kitu. Tengeneza njia, uone kama hataamua upesi.

Neno lile la mapokezi mama alilibeba mpaka alipofariki. Alikuwa akiniuliza, bila kutanguliza habari yoyote, "Hivi kweli tulichelewa?" Nami nilimjibu kila mara, "Tulisubiri maji, mama."

Sasa kila mjamzito wa ukoo wetu, na wengine wasio wa ukoo, huniletea kadi yake. Natafuta tarehe ya matazamio, nahesabu mwezi kwa vidole, na pembeni yake naandika kwa kalamu nyekundu siku za bamvua.